Kamba ya Kikosi cha Kware

Filimbi ililia kwanza. Mara tatu, fupi fupi, kisha mara moja ndefu iliyovutwa mpaka pumzi ikakatika. Hatukumwona aliyeipuliza, kwa sababu msafara wa Mtukufu Rais ulikuwa umeingia Uwanja wa Shukrani na kutuachia vumbi, na katika nchi yetu vumbi la msafara halipungwi kwa mkono. Raia hulisubiri litue lenyewe. Tukasimama ndani yake, tukasikia miguu midogo ikikimbia kujipanga, tukasikia mtu akikohoa, kisha akiomba radhi kwa kukohoa.

Jina la nchi hii sitalitaja. Sheria inasema anayelitaja awe amesimama wima, na mimi ninaandika nimekaa.

Vumbi lilipotua tuliwaona: wasichana wanane wa Skauti wa Kike, Kikosi cha Kware, kutoka kitongoji cha Mavumbani, wamevaa sare za buluu zilizofuliwa mpaka zikachoka. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, Sikudhani, msichana wa miaka kumi na mitatu, filimbi ingali mdomoni. Nyuma yao alikuwa mwalimu wao, Bi Tunu, mama mwenye mvi aliyeanza uskauti kabla nchi haijapata bendera ya kupigia saluti.

"Umeyashika maneno?" Bi Tunu alinong'ona.

"Nimeyashika. Mtukufu, tunaomba kamba yetu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ulisema nisiongeze."

"Usiongeze, mwanangu. Mkubwa ukimpa maneno mawili, la kwanza hulisahau na la pili hulikasirikia."

Inafaa nieleze habari ya kamba hiyo, maana Serikali imekwisha kuieleza mara nyingi na bado haijaeleweka.

Kati ya Mavumbani na shule yake unapita Mto Kidogo. Jina hilo ulipewa na mpima ramani aliyefika wakati wa kiangazi, akauvuka bila kuvua viatu. Tangu siku hiyo, kila wananchi wanapoomba daraja, Wizara hujibu kwamba Serikali haijengi daraja juu ya mto ambao hata ramani inakiri ni kidogo. Masika yakifika, mto husahau jina lake. Basi wasichana wa Kware walisokota kamba ya katani, nene kama kifundo cha mkono, wakaifunga kwenye mkuyu wa huku na mkuyu wa kule, na watoto wakawa wanavuka wameishika. Hakuna aliyewaagiza. Pengine hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Siku moja alikuja Kamishna Mkuu wa Skauti wa Kike, Brigedia mstaafu Matogoro, mwanamume wa futi sita na sharubu mbili. Akaitazama kamba, akaivuta, akaisifu. Akasema kwamba, kwa mujibu wa Hati ya Chama cha Skauti, vifaa vyote vya skauti ni mali ya Baraza la Chama, na Baraza lina shida ya kamba kwa ajili ya hema la Mtukufu kwenye sherehe. Akaondoka nayo. Mvua za vuli zilipokuja, Chiku, mdogo wake Sikudhani, mtoto wa darasa la kwanza, alichukuliwa na maji, akanaswa na kichaka cha matete huko chini. Alipoteza kiatu kimoja na hamu yote ya kwenda shule. Sasa masika yalikuwa yanabisha hodi.

Na kamba ilikuwa pale pale mbele yetu uwanjani. Sikudhani aliitambua hata kwa fundo lake. Ilikuwa imeshikilia nguzo kuu ya hema, na chini ya hema, kivulini, alikuwa ameketi Mtukufu.

*

Msomaji mgeni atauliza: Brigedia mwenye sharubu alifikaje kuwa Kamishna Mkuu wa wasichana? Kwa njia ya halali kabisa.

Hati ya Chama iliandikwa na wageni, na siku walipoondoka Bunge letu likaipitisha mchana mmoja, kati ya chakula na usingizi wa baada ya chakula. Hati inataka wajumbe wa Baraza wawe wanawake waliotoa Ahadi ya Skauti. Hati hiyo hiyo inataka Ahadi ipokewe na mjumbe wa Baraza, na mwingine yeyote akiipokea ni batili. Siku ya kwanza hapakuwa na mjumbe, kwa hiyo hapakuwa na wa kupokea. Kwa kuwa hapakuwa na wa kupokea, hapakupatikana mjumbe. Serikali, kwa huruma zake, ikateua wanaume wakaimu kwa muda. Wamekaimu mpaka baadhi yao wamestaafu kukaimu na kupewa saa za ukutani. Makaimu wana haki ya kugawa, kukusanya, kusafiri na kufungua semina, ila kupokea Ahadi hawaruhusiwi. Brigedia huliheshimu sana sharti hilo.

Kwa hiyo, kisheria, Bi Tunu na mvi zake alikuwa bado anasubiri kuwa skauti. Aliwahi kulalamika barazani. Brigedia akamjibu kwa upole, "Mama, uvumilivu ni sehemu ya mafunzo."

Jambo moja tu katika Hati lilikuwa likifanyika Mavumbani kama lilivyoandikwa. Ibara ya kumi na tisa inasema: Skauti wa Kike husalimiana na skauti mwenzake, na mwenzake tu, kwa mkono wa kushoto. Najua mnavyokunja uso. Kwetu pia mkono wa kushoto una kazi zake, na kazi hizo hazifanyiki mbele za watu. Hata mtoto akipokea andazi kwa kushoto hupigwa kofi la kulia. Lakini Bi Tunu aliwafundisha wasichana wake kwamba kushoto ndiko uliko moyo, na wao wakaamini, maana hakuna kitu kingine walichowahi kupewa na Hati.

Mtukufu aliposhuka kusalimia gwaride, alipeana mikono na majenerali, na mabalozi, na bingwa wa taifa wa kula mayai. Alipofika kwa Sikudhani alinyoosha mkono wa kulia. Sikudhani alikuwa ameurudia mstari wake tangu alfajiri, tunaomba kamba yetu, tunaomba kamba yetu, na kichwani mwake hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Mwili ukafanya ulichozoea. Akapiga saluti ya vidole vitatu, akatoa mkono wa kushoto.

Bendi iliacha kupiga. Mpiga tarumbeta alibaki na shavu limejaa.

Mtukufu aliutazama mkono ule. Ni miaka mingi hakuna aliyempa kitu ambacho hakukipanga mwenyewe. Nadhani alichoka tu, jua lilikuwa kali. Akaurudisha wa kulia, akatoa wa kushoto, akaushika wa mtoto, akautikisa.

"Mtukufu," Sikudhani akasema, "tunaomba kamba yetu."

Lakini wakati huo walinzi walikuwa wamekwisha kumwinua mtoto juu, na maneno yake yalipita juu ya kofia zetu kama ndege.

*

Baraza la Mawaziri lilikutana hapo hapo, nyuma ya hema. Tatizo lilikuwa zito. Nchi nzima ilikuwa imeona kwenye televisheni. Kama msichana alimtukana Mtukufu, basi Mtukufu ameyapokea matusi na kuyatikisa. Kama hakumtukana, basi Mtukufu amesalimia kwa kushoto bila sababu, yaani amekosea. Na Katiba, ibara ya kwanza, inasema Rais hakosei.

"Tumfunge mtoto," alisema Waziri wa Utulivu.

"Ukimfunga umekiri kulikuwa na tusi," alisema Waziri wa Habari.

"Tumpe zawadi."

"Ukimpa zawadi kesho wote watakuja na mikono ya kushoto."

Ndipo akasimama Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Profesa Lwambali. Huyu ni msomi ambaye miwani yake huvaliwa kwanza, kisha yeye hufuata. Alikuwa na nakala ya Hati mkononi.

"Waheshimiwa," alisema, "hapa hakuna kosa. Kuna ufunuo. Hati inasema skauti wa kike husalimiana kwa kushoto na mwenzake, na mwenzake tu. Mtukufu amesalimiwa kwa kushoto, naye akajibu kwa kushoto. Mtukufu hakosei. Hivyo basi, Mtukufu ni Skauti wa Kike."

Nzi mmoja alitua juu ya keki ya sherehe, na hakuna aliyemfukuza.

"Profesa," aliuliza Waziri wa Afya kwa sauti ndogo, "uanachama si ni kwa wasichana wa kati ya miaka kumi na kumi na minane?"

"Umri wa Mtukufu ni siri ya nchi. Siri ya nchi haiwezi kutumika kama ushahidi."

"Na huo... usichana?"

"Mheshimiwa, unataka kubishana na Katiba au unataka kwenda nyumbani?"

Alitaka kwenda nyumbani. Likapita kwa kauli moja.

Jioni redio ilitangaza kwamba Mtukufu Rais, Amiri Jeshi Mkuu, Baba wa Taifa, kuanzia wakati usiojulikana amekuwa msichana, na kwamba wananchi waendelee na shughuli zao. Tukaendelea. Tumekwisha kutangaziwa mambo makubwa kuliko hayo tukiwa tunapika.

*

Utekelezaji ndio uliotuchosha. Kwanza mawaziri walianza kumsalimia Mtukufu kwa kushoto, ili nao waonekane ni wenzake. Makatibu wakuu hawakutaka kuachwa nyuma. Wakafuata wakuu wa mikoa, walimu wakuu, na wachuuzi wenye leseni. Kijana mmoja alikwenda kuposa, akampa baba mkwe mkono wa kushoto kwa uzalendo, akatolewa nje kwa mchi. Sokoni nilimsikia mzee akimkemea muuza ndizi.

"We mama, mbona wanipa ndizi kwa kushoto? Mimi mtoto wako?"

"Ndiyo Serikali hiyo, babu. Ukitaka za kulia nenda kwa wapinzani."

"Wapinzani wako wapi?"

"Ndiyo nakwambia sasa. Shika ndizi yako."

Suala la sare liliundiwa kamati. Sketi zilijadiliwa kwa hisia kali; Waziri wa Ulinzi alionyesha magoti yake kama hoja. Mwisho yakapatikana maridhiano: waheshimiwa watavaa suruali ambazo kisheria ni sketi. Malenga wa Ikulu aliamriwa atunge. Alikuwa fundi wa kweli, jamaa yule, na mizani yake haikosei hata akilia. Shairi lake lilisomwa kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari:

Raisi ni msichana, sheria yathibitisha,
Ndevu zisiwe hiana, umri haujakwisha,
Kumi na tatu ni jana, mwili ndio wapotosha,
Tumpe wa kushotoni, dada mkubwa wa nchi.

Inasemekana baada ya ubeti huo aliomba likizo, na alipoulizwa ugonjwa wake alijibu, "Vina."

Lakini pigo lenyewe lilikuwa hili. Hati inasema kila skauti awe katika kikosi, na kikosi kisizidi skauti wanane. Mtukufu alikuwa wa kikosi kipi? Cha yule aliyempa mkono: Kware. Kware walikuwa wanane tayari. Akatolewa msichana mmoja kumpisha Mtukufu. Kisha Waziri wa Utulivu akasema haiwezekani Mtukufu akae kwenye kikosi bila ulinzi, akatolewa wa pili. Waziri wa Habari akasema haiwezekani bila habari. Ikawa hivyo hadi wakatoka wasichana saba wote, wakapewa cheti cha kuwa Akiba ya Taifa. Sikudhani peke yake hakutolewa. Hakupendwa, ila mkono wake ulikuwa umeshikwa na mtu asiyekosea, na kumwondoa kungekuwa kusahihisha.

Hivyo nchi yetu ikapata kikosi cha skauti chenye Rais mmoja, mawaziri sita, na kiongozi mwenye miaka kumi na mitatu ambaye kaptura yake ya michezo ilikuwa na kiraka.

"Bi Tunu, mimi siwezi," Sikudhani alisema usiku ule, wamekaa jikoni, Chiku amelala na kichwa pajani mwake.

"Unaweza. Hati inasemaje kuhusu kiongozi wa kikosi?"

"Skauti hutii amri ya kiongozi wake bila kunung'unika."

"Na skauti wako ni nani?"

Mbali, juu ya milima, kulikuwa na ngurumo moja, ya kujaribu tu.

"Kamba," akasema Sikudhani.

"Usiongeze," akasema Bi Tunu.

*

Mkutano wa kwanza wa Kikosi cha Kware ulifanyika Ikulu, kwenye ukumbi wa vioo. Bi Tunu aliachwa getini kwa sababu kisheria hajawa skauti. Mawaziri walikuwa wamesimama mstari mmoja, skafu shingoni, wakijaribu kuvuta matumbo. Brigedia Matogoro alikuwa pembeni kama mwangalizi.

Mtukufu aliingia mwisho. Bila jukwaa alikuwa mfupi kuliko tulivyodhani. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, mahali pa mgeni kikosini, akasimama. Hati inasema mgeni ndiye huanza kusalimia.

"Shikamoo," alisema.

Waziri wa Habari alishika pazia asianguke. Mtu wa miaka ile kumwamkia mtoto! Wapo waliosema baadaye kwamba picha za marais waliopita ziligeukia ukutani, lakini mimi siongezi chumvi.

Sikudhani alitazama chini. Alikuwa amelelewa vizuri, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuitikia shikamoo ya mzee. Hatimaye neno likatoka, dogo.

"Marahaba."

Na Mtukufu, waliokuwapo wanasema, alitabasamu kidogo, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Una amri gani, kiongozi?" aliuliza.

"Naamuru kamba ya Kware irudishwe Mto Kidogo, kabla ya masika."

"Kamba gani?"

"Iliyofunga hema lako, Mtukufu. Ni yetu. Tuliisokota sisi. Watoto wanavukia. Mdogo wangu alichukuliwa na maji."

Brigedia akapiga hatua mbele. "Mtukufu, kwa mujibu wa Hati, vifaa vyote..."

"Brigedia," Mtukufu alisema bila kugeuka, "wewe ni skauti?"

"Nakaimu, Mtukufu."

"Basi kaimu kunyamaza."

Kisha akamwinamia mtoto. "Mimi nilipokuwa mdogo, nilikuwa navuka mto nimeshika mkia wa ng'ombe."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe alikuwa anajua kuogelea." Aliwatazama mawaziri wake. "Hawa sijui kama wanajua."

Mawaziri walicheka, wote kwa muda mmoja, na wakaacha kwa muda mmoja.

Mtukufu akatoa mkono wa kushoto. Sikudhani akaushika. Ulikuwa baridi.

"Naahidi," alisema Mtukufu, "kamba itarudi mtoni."

Makofi yalilipuka, kamera zikamulika. Mtukufu aliendelea kuushika mkono ule hata baada ya kamera kuzimwa, mpaka msaidizi wake alipomshika kiwiko, akamkumbusha kwamba kuna balozi anasubiri.

*

Ahadi hiyo ilipendwa kupita kiasi. Asubuhi iliyofuata ilichapishwa kwenye kanga, chini ya picha ya Mtukufu. Iliandikwa kwenye daftari za shule, kwenye chupa za maji, na ubavuni mwa ndege ya taifa. Waziri wa Elimu aliiingiza kwenye mtihani: Eleza umuhimu wa ahadi ya kamba katika ujenzi wa taifa. Watoto wa Mavumbani waliofika shuleni waliijibu vizuri. Wale ambao hawakufika, kwa sababu ya mto, walipewa sifuri.

Kilichokuwa hakionekani ni kamba.

Bi Tunu na Sikudhani walifunga safari hadi mjini. Waliikuta Makumbusho ya Taifa, ndani ya kabati la kioo, juu ya mahameli nyekundu, imemulikwa taa tatu. Kibao kilisema: KAMBA YA TAIFA. Ilishikilia hema siku Mtukufu alipotambulika kuwa msichana. Usiguse. Fundo lake lilikuwa limefunguliwa na kufungwa upya na mtaalamu kutoka nje, vibaya.

Profesa Lwambali alikuwapo, akiongoza wageni.

"Shikamoo, Profesa," alisema Sikudhani. "Tumekuja kuichukua."

"Kuichukua!" Profesa alicheka kwa upendo. "Binti, hii si kamba tena. Hii ni urithi. Ukiifunga mtoni itaoza."

"Ni kamba ya mtoni," alisema Bi Tunu. "Kazi yake ni kuoza, tusokote nyingine. Lakini mashamba ya katani mmeyazungushia uzio."

"Ni kuyalinda. Nyuzi za asili ile ile ya Kamba ya Taifa haziwezi kuachwa ziguswe ovyo."

"Mtukufu aliahidi," alisema Sikudhani. "Mbele yangu. Alinishika mkono."

Profesa alivua miwani, akaipangusa, na kwa muda huo mfupi alionekana kama mtu wa kawaida mwenye usingizi. Kisha akaivaa.

"Aliahidi, sikatai. Lakini nani aliipokea? Ahadi ya skauti hupokewa na mjumbe wa Baraza. Wewe si mjumbe. Brigedia ni kaimu. Hivyo, kisheria, Mtukufu alifungua mdomo, sauti ikatoka, basi. Na heri ni hivyo, binti. Kama ahadi ingekuwa imepokewa na isitimizwe, Mtukufu angekuwa amekosea. Huoni sheria ilivyomwokoa?"

"Naona," alisema Sikudhani.

"Vizuri. Na hili nilitaka nikwambie kwa upole. Tumegundua kikosi kina upungufu: Waziri wa Maji hana nafasi. Kikao cha jana kimekuondoa. Umefanywa Akiba ya Taifa, daraja la kwanza. Cheti kinakuja."

"Si mlisema hawezi kuondolewa?" aliuliza Bi Tunu. "Kwamba kumwondoa ni kumsahihisha Mtukufu?"

"Mtukufu hakuondoa mtu. Mtukufu alikuwa amelala."

Walitoka nje. Bi Tunu alikaa kwenye ngazi za makumbusho, akavua viatu, akaziweka nyayo zake juu ya jiwe baridi. Hakusema lolote kuhusu uvumilivu. Sikudhani alikaa kando yake.

"Bi Tunu, wewe ulitoa Ahadi kwa nani?"

"Mimi? Sijatoa. Nilikwambia, nasubiri."

"Miaka yote?"

"Miaka yote." Akaupangusa uso kwa ncha ya kanga, kanga ile ile yenye ahadi ya kamba, maana sokoni zilikuwa zimebaki hizo tu. "Nilidhani lazima wao waipokee."

*

Masika yalifika Jumatatu, kabla ya kengele ya shule.

Sitawaeleza ukubwa wa mto siku ile, maana kuna sheria inayokataza kuukuza Mto Kidogo. Nitasema tu kwamba mikuyu yote miwili ilikuwa imesimama majini mpaka kiunoni, na kati yake hapakuwa na kitu. Redio ya duka ilikuwa ikisoma shairi. Waziri wa Maji, skauti mpya kabisa wa Kware, alikuwa akiwapongeza wananchi wa Mavumbani kwa kupata mvua.

Watoto walikuwa wamesimama ukingoni na madaftari kichwani. Baadhi ya mama zao walikuwa wamekwisha kugeuka kurudi. Ndipo filimbi ikalia. Mara tatu, fupi fupi, kisha moja ndefu.

Walitoka kwenye njia za migomba mmoja mmoja, Akiba ya Taifa, wote saba wakimfuata Sikudhani, bila sare, kwa sababu sare zilikuwa zimekusanywa na Baraza. Wamefunga kanga viunoni. Bi Tunu alikuja nyuma yao, akakunja gauni lake, akatangulia majini, akaukumbatia mkuyu wa huku kwa mkono mmoja. Hakuna aliyetoa hotuba.

Waliingia kwa zamu, huyu akikabili maji, wa pili akiyapa mgongo, hivyo hivyo mpaka mkuyu wa kule. Ukisimama hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, kushoto hukutana na kushoto, na kulia na kulia. Bi Tunu alikuwa amewafundisha hivyo zamani, mwaka ambao kamba ilikuwa bado katani shambani. Maji yaliwapiga vifuani. Msichana mmoja alilia, na hakuachia.

Watoto wakaanza kuvuka, wakishika mkono huu, wakihamia mkono ule, kama walivyokuwa wakihamisha vidole kambani. Vijana wawili wa dukani walivua mashati wakaja kuziba mahali palipokuwa na pengo. Hakuna aliyewauliza ni skauti wa aina gani.

Akabaki Chiku. Alisimama ukingoni na kiatu kimoja cha zamani na kimoja kipya, na meno yakigongana.

"Njoo," alisema Sikudhani. Alikuwa wa kwanza baada ya Bi Tunu, na alikuwa ameuachia mkono wa mwalimu wake kwa muda. Bi Tunu alimshika ukanda wa kanga badala yake.

"Sitaki. Utaniachia."

"Sikuachii."

"Hata yule mzee wa kwenye kanga alisema naahidi. Mama anasema haikushika, kwa sababu hakuna aliyeipokea."

Maji yalipita. Kisha Sikudhani akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja kimenyauka kwa maji, vidole vimetanuka.

"Basi ipokee wewe," alisema.

"Mimi? Mimi siyo Baraza."

"Baraza liko mjini, lina suruali za sketi. Wewe uko hapa. Nipe wako. Hapana, wa kushoto."

Chiku alitazama nyuma, kwa mama yake, kuona kama atapigwa kofi kwa kutoa mkono huo. Mama yake alikuwa anapangusa macho. Mtoto akateremka, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, akaushika mkono wa dada yake kwa vidole vyake vyote vitano. Bi Tunu, mkuyu kifuani, aligeuza uso ili asikie vizuri.

"Sema sasa," alisema Chiku. "Kwa nguvu. Mto una kelele."

Sikudhani alivuta pumzi mpaka chini, kama anavyovuta kabla ya filimbi ndefu.

"Chiku, naahidi: leo na kila mvua, mpaka ujue kuwashika wengine, sitauachia mkono wako."